Sahani ya Swaibu

Siku ile zamu ilikuwa ya Mama Halima, kwa hiyo mimi nilikuwa nimekaa barazani kwangu, miguu nimeinyoosha, nachambua mchele na kumsubiri akosee.

Boma letu la Yei lilikuwa na nyumba mbili, majiko mawili na mume mmoja. Mume alikuwa Swaibu, fundi cherehani wa sokoni, mwembamba, mcheshi, mdomo wake haukujua kupumzika. Mama Halima alikuwa mke mkubwa. Binti yake Halima ameolewa Bombo, mbali, amemwachia mama yake jina tu. Mimi ni Faiza, mke mdogo, Mnubi wa Koboko, ng'ambo ya mpaka, Uganda, na nilipoolewa nilikwenda na kiburi cha kutosha nyumba tatu. Swaibu alikaa siku mbili kwa mwenzangu, siku mbili kwangu. Mwenye zamu anampikia mume. Asiye na zamu anapika chake, anakula, ananyamaza. Kila mtu na moto wake, kila mtu na chumvi yake, na kuazimana ilikuwa mwiko.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumegombania chungio la unga.

"Hii chungio iko yangu," akasema Mama Halima.

"Yako tangu lini? Swaibu alinunua siku yangu."

"Alinunua na pesa yake. Pesa haina siku."

Maneno hayo yaliniuma mpaka mchana.

Mchana Swaibu akaja kula. Mama Halima alikuwa amepika bamia kavu na nyama, pamoja na kisra, ule mkate wetu mwembamba wa unga uliochachuka. Swaibu alikula akisifu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana alijua ninasikia. Nikasonya. Akacheka mpaka akapaliwa, Mama Halima akampiga mgongoni na kunitazama kama kwamba mimi ndiye niliyempalia. Kisha Swaibu akarudi sokoni kumalizia sare za shule za watoto wa watu.

Alasiri tulisikia milio upande wa barabara kuu. Hatukushtuka sana. Miezi ile Yei ilikuwa imezoea milio, na sisi tulikuwa tumejifunza kuisikiliza kama mtu anavyosikiliza ngurumo, kujua kama mvua inakuja kwake au inakwenda kwa jirani.

Ilikuwa inakuja kwetu.

Swaibu alirudi mbio. Alizungumza upesi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuweka mzaha katikati ya maneno. Tuondoke sasa hivi, sisi wawili, twende Koboko kwa kaka yangu Rashidi. Yeye angebaki siku mbili tatu, mpaka apate gari la kubeba cherehani. Cherehani ndiyo shamba letu, alisema, na nguo za watu hawezi kuziacha zitawanyike.

"Wewe kuja na sisi," Mama Halima akamwambia.

"Nakuja. Nyinyi tangulia." Akafunga mzigo wa unga, akanipandishia kichwani, na hapo mzaha ukamrudia. "Nikifika Koboko, nakula kwa mwenye zamu. Nikikuta yeye hana chakula, nahamia kwa mwenzake siku hiyo hiyo, na sitoki tena."

Tulicheka. Wallahi tulicheka, huku madirisha yanatikisika.

Barabara kuu ilikuwa na watu wenye bunduki, na hakuna aliyejua ni wa nani, kwa hiyo tulipita porini pamoja na wengine. Mimi nilibeba unga. Mama Halima alibeba sufuria zake zote, tatu, na ya nne ya uji, kwa sababu alisema hawezi kuwaachia wezi vitu alivyovipigania miaka yote.

Karibu na kijito tulimpita mzee amelala kando ya baiskeli yake. Hakuwa amelala. Mama Halima akakata majani, akamfunika uso, tukaendelea.

Siku ya pili, mchana, tulisikia wanaume wakija kwenye njia.

Tukajitupa ndani ya shamba la muhogo.

Mfuniko wa sufuria ukalia.

Nikaulalia. Nilihisi chuma chake kwenye mbavu zangu na mkono wa Mama Halima kwenye shingo yangu, umenikandamiza kwenye udongo kama mtu anayekanda unga. Wanaume walisimama. Mmoja alikohoa. Niliona viatu vyake, na kamba ya kiatu kimoja ilikuwa imefunguka.

Wakapita.

Tulikaa pale muda mrefu bila kusogea. Kisha Mama Halima akaleta mdomo wake sikioni kwangu. Nilidhani anataka kuniambia nisome dua.

"Leo bado iko siku yangu," akanong'ona. "Zako inaanza kesho. Usiseme baadaye kama nimekudanganya."

Nilicheka kwa hofu, uso ukiwa ndani ya udongo, mpaka nikala mchanga. Mpaka leo nikimkumbusha anakataa kwamba alisema.

Tulitokea upande wa Uganda huko Midia, na jambo lililonishangaza ni kwamba watu walikuwa wanapalilia. Wanapalilia tu, wanaitana, mtoto anafukuza mbuzi. Mwanamke mmoja alituona, akatupa jembe, akatuletea muhogo wa kuchemsha na simsim iliyosagwa. Mimi nilikula kama mwizi. Mama Halima alikata kipande chake katikati, nusu akaifunga kwenye jani.

"Hiyo ya nani?" nikamuuliza.

"Ya baba Halima. Kama akitokea leo, mimi nitampa nini?"

Asubuhi aliila ile nusu ikiwa baridi, kwa sababu hakutokea. Na siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Hebu fikiria mwenyewe. Ningefanya nini? Nilitenga kipande kikubwa kuliko chake.

Hivyo ndivyo sahani ya Swaibu ilivyoanza.

Kaka yangu Rashidi ni dereva wa lori na anakaa Arua, lakini nyumba ya marehemu baba yetu iko Koboko, na akatupa chumba cha nyuma chenye kibaraza. Kila Ijumaa alimpa dereva wa taksi kitu kidogo, pesa za sokoni, atuletee, na hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha wiki. Wengi tuliovuka nao walipelekwa kambini, wakapata mahema na mgao. Mama Halima alikataa katakata. Swaibu ameambiwa kwa kaka ya Faiza, akasema, na kwa kaka ya Faiza ndipo atakapotukuta, si kwenye hema.

Sasa, mtu mwenye akili angechukua kile kidogo, akanunua unga mmoja, mafuta mamoja, na kupika chungu kimoja. Sisi tulikuwa wake wenza. Tulikigawa katikati. Nusu yake, nusu yangu, na kila mmoja akaenda sokoni kivyake. Tulinunua mafuta ya kula kwenye vifuko viwili vidogo vya nailoni badala ya chupa moja. Tulinunua fungu la nyanya kila mtu, fungu la kuni kila mtu. Tulikata kipande cha sabuni kwa uzi, tukagombana kwamba uzi ulikwenda upande. Kwenye kile kibaraza chenye upana wa mkeka kulikuwa na mioto miwili ya mawe, na ukikaa katikati yake unaungua magoti yote mawili.

Ijumaa tulikula vizuri. Jumatatu tulikula. Jumatano tulianza kutazamana. Alhamisi tulikunywa uji mwepesi na kila mmoja alijidai ameshiba.

Na kila jioni, hata Alhamisi, mwenye zamu alipakua sahani ya tatu, akaifunika na kuiweka juu ya kinu. Kwa vyovyote vile Swaibu asingefika akute sahani tupu siku yangu. Mama Halima naye alisema hivyo hivyo moyoni, nilimsoma usoni.

Sokoni kulikuwa na mwanamke wa Kikakwa, Poni, aliyeuza mboga na dagaa kavu wale wanaoitwa mukene. Alituona tukija kila mtu na kikapu chake, mmoja akishika kona hii, mwingine kona ile, na siku moja hakuvumilia.

"Nyinyi wawili munanunua kama watu wanne," akasema, "na munakonda kama watu iko na minyoo. Nani nakula hii chakula?"

"Mume yetu," akajibu Mama Halima.

"Iko wapi?"

"Nakuja."

Poni alitutazama, akaongeza kiganja cha dagaa kwenye kikapu chake, kisha kwenye changu.

Kilichotuunganisha ni mvua, si akili. Ilipiga kutoka upande wa magharibi siku nzima, ikazima moto wangu, ikalowanisha kuni zangu zote. Nilikaa nimejikunyata na unga mbichi mkononi, na siku yenyewe ilikuwa zamu yangu. Giza linakaribia na sina sahani ya kumtengea. Mama Halima alinitazama kitambo. Kisha akasogeza sufuria yake kando kidogo juu ya mafiga.

"Weka yako hapa. Nusu ya moto."

"Sitaki nusu ya moto yako."

"Basi Swaibu akija leo, atakula kiburi."

Nikaweka. Sufuria mbili hazikuenea, zikawa zinagongana na kumwagikiana, na mwishowe akashika yangu, akaimimina ndani ya yake, akakoroga. Mboga zangu za osubi, yaani majani ya kunde, zikaingia kwenye dagaa zake. Lilikuwa jambo baya kuliko yote aliyowahi kunifanyia, na kilikuwa chakula kitamu kuliko vyote tangu Yei.

Kuanzia Ijumaa iliyofuata tulikwenda sokoni na kikapu kimoja. Zamu tulizibakisha, za kupika na za sahani, lakini fungu likawa moja, na ndipo nilipogundua kwamba mwanamke niliyekuwa nikimwita mchoyo kwa miaka yote alikuwa bingwa. Alijua kuchoma maganda ya maharagwe, kuyachuja majivu yake kwa maji na kupata magadi, na magadi hayo yanalainisha majani magumu yasiyonunuliwa na mtu, ambayo Poni alitupa karibu bure. Maji ya maharagwe yalikuwa mchuzi wa kesho. Kwato za ng'ombe, ambazo mchinjaji anauza kwa bei ya chini, alizichemsha kutwa nzima kwa moto wa pumba mpaka zikatoa supu inayonata midomo. Mara moja kwa wiki tulikwenda mashambani Lurujo kuwasaidia watu kuvuna muhogo, tukalipwa muhogo, na tulirudi tumebeba vichwani tunagombana njia nzima kuhusu nani kabeba mwingi. Mimi nilikuwa na mkono wa gurusa, chapati zetu laini za Kinubi. Nilizipika asubuhi, nikauza mlangoni, na mbili zilizoungua tulikula sisi. Nitasema ukweli: nyingine niliziunguza kwa makusudi.

Jioni moja baada ya mvua kumbikumbi wakaruka. Aaa, jioni ile! Koboko nzima ilikuwa nje na mabeseni, wakubwa na wadogo, Waislamu na Wakristo, wanakimbizana na wadudu chini ya taa. Mama Halima, mwanamke mzito wa heshima zake, alivua kitenge cha juu akakitandaza kama wavu, akaanguka nacho, akainuka anacheka na mbawa zimemjaa kwenye nyusi. Tulikaanga bila mafuta, maana wana mafuta yao wenyewe. Sahani ya Swaibu siku hiyo ilikuwa mlima. Tuliimaliza asubuhi na chai ya rangi, na nikamsikia Mama Halima akijisemea kwamba yule mtu ana bahati mbaya sana kukosa siku kama ile.

Ndiyo, asubuhi tuliila sisi. Sahani ya jana ilikuwa kifungua kinywa chetu, baridi, mchuzi umeganda juu. Tuliigawa katikati.

Taban alikuja kwetu kwa makosa. Alikuwa mwendesha boda, anabeba watu kutoka mpakani kuja mjini, na jioni hiyo alikuwa anatafuta nyumba ya abiria wake aliyesahau mfuko. Akasimama uani, kivuli kirefu, chembamba, akasema hodi. Zamu ilikuwa ya Mama Halima. Sijawahi kumwona akikimbia hivyo. Alitoka na sahani mikono miwili, akapiga magoti, akaiweka chini, akafunua, ndipo akainua macho.

Hakuwa Swaibu. Lakini kwetu chakula kilichowekwa mbele ya mtu hakiondolewi, hata kama mtu mwenyewe siye. Mama Halima akasema, "Karibu, mwanangu. Nawa mikono."

Taban alinawa. Alikula vyote, akalamba vidole, akashukuru, kisha akauliza kwa nini wale wamama wawili wanamtazama hivyo. Nikamweleza. Maskini, alishika kichwa.

"Mimi nimekula chakula ya mutu! Mama, kwa nini hamukusema? Huyu mutu anaitwa nani? Swaibu? Fundi, mwembamba, kutoka Yei? Basi mimi nitauliza kila mutu anavuka pale. Nitamuleta mwenyewe na boda yangu, bila malipo."

Kuanzia hapo alipita kila alipopata nafasi. "Bado," alikuwa anasema akiwa bado hajazima pikipiki. "Bado, lakini leo wamevuka wengi." Kisha anakaa, anazungumza habari za barabara, jicho moja kwenye sufuria, mpaka tumpe kitu. Taban hakuwahi kukataa chakula. Alikula ukoko, alikula uji uliopoa, siku moja alikula gurusa niliyoiunguza kweli, bila makusudi, nyeusi tii, na akaomba nyingine. Mama Halima alisema tumbo la mtoto yule halina mlango. Tulimpenda.

Kisha ikaja wiki ambayo dereva wa taksi hakuleta kitu. Lori la Rashidi lilikuwa limeharibika mbali, na yeye mwenyewe alikuwa anakula kwa watu. Lurujo muhogo ulikuwa umekwisha kuvunwa. Tulikuwa na unga wa kufunika chini ya sufuria na majani ambayo hata mbuzi wa jirani alikuwa ameyaacha.

Jioni ya kwanza, ya pili, tukabana. Jioni ya tatu zamu ilikuwa ya Mama Halima. Chakula kilikuwa cha mtu mmoja, na mtu huyo awe mtoto. Alishika mwiko, akapakua changu, akapakua chake, akasimama. Nilimtazama mkono. Nilijisemea moyoni: akiacha, sitasema neno. Naye aliniangalia, na nikajua anasubiri mimi niseme, "Leo tuache." Nilikuwa na njaa ambayo sijawahi kuwa nayo porini. Neno lilikuwa kwenye ulimi wangu.

Sikusema. Mwenye kuacha kupakua ndiye angekuwa amemuua Swaibu, na hakuna kati yetu aliyetaka kubeba hilo.

Akachota kwangu kidogo, akachota kwake kidogo, akaijaza sahani ya tatu, akaifunika. Nilimchukia, na nilimshukuru mpaka machozi yakanitoka, vyote kwa pamoja.

Rashidi alipokuja hatimaye na kutuona tulivyokuwa, alikasirika.

"Munakufa kwa sababu ya sahani!" akapiga kelele. "Arua kuna kazi. Kule Ediofe kuna shule inatafuta wapishi, nimeongea nao, wanataka wanawake wawili, na chumba iko. Kesho munapanda gari."

"Swaibu anajua Koboko," Mama Halima akamjibu polepole. "Arua hajui."

"Na wewe, Faiza?"

Mimi ni dada yake, damu moja. Aliniangalia akiwa na hakika.

"Mimi iko na zamu kesho," nikasema.

Aliondoka bila kuaga, lakini aliacha unga, na mafuta, na samaki wale wakavu wa angara ambao Swaibu aliwapenda.

Niliwapika jioni iliyofuata. Niliwaloweka, nikawaunga kwa karanga za kusagwa, nikasonga ugali wa muhogo na ulezi mpaka ukang'aa. Nilikuwa nimepakua sahani yake kwanza kabla ya zetu, nimempa kipande cha katikati, mvuke bado unatoka, nikasikia pikipiki ya Taban. Ilizimwa mbali, kule njiani. Akaja kwa miguu, kofia yake ya chuma mkononi.

"Karibu, Taban," nikamwambia. "Umefika wakati wake. Leo iko samaki."

"Hapana, mama."

"Kidogo tu."

"Hapana. Leo siwezi kula."

Mama Halima alikuwa anaosha kikombe. Alikiweka chini, na mikono ikabaki majini.

Hakukuwa na haja ya kutuambia. Alituambia hata hivyo, amekaa chini, macho kwenye vumbi. Siku hiyo amevuka kinyozi aliyekuwa na kibanda karibu na cherehani ya Swaibu. Swaibu alipigwa risasi mlangoni pa duka lake asubuhi iliyofuata siku tuliyoondoka. Majirani walimzika siku ile ile nyuma ya msikiti, wakamsalia vizuri. Kinyozi mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza.

Asubuhi iliyofuata siku tuliyoondoka. Kwa hiyo tulipokuwa tumelala kwenye muhogo, tukinong'onezana zamu ni ya nani, alikuwa ameshazikwa au anazikwa.

Taban alilia kuliko sisi. Mama Halima alimshika bega, akamwambia arudi kabla ya giza, barabara si nzuri. Alipoondoka tulikaa. Sahani ilikuwa pale juu ya kinu, na mimi nilikuwa sijaifunika.

Mama Halima akainuka, akaichukua, akaiweka mkekani katikati yetu. Akanawa. Akanimiminia maji na mimi ninawe, jambo ambalo mke mkubwa hamfanyii mdogo.

"Kula, Faiza," akasema. "Bado iko moto."

Hatukuwahi kuila ikiwa moto. Tulikula kwa mkono wa kulia, na wa kushoto alikuwa amenishika, na sikumbuki nani alilia kwanza. Alinipa kile kipande cha katikati. Nikakikata, nikamrudishia nusu.

Asubuhi hatukuwa na kifungua kinywa. Tuliamka wote wawili tukageuka kutazama kwenye kinu, na hapo ndipo msiba ulipoingia nyumbani hasa.

Tulikwenda kwa shekhe kuuliza habari ya eda, tukae ndani vipi, tuvae nini, chumba chenyewe kimoja. Alituuliza tarehe aliyofariki, akafikiri, akasema kwa upole kwamba eda ya mjane huanza siku mume anapokufa, si siku mjane anapopata habari. Yetu, miezi minne na siku kumi, ilikuwa imekwisha. Tulikuwa tumeikaa yote bila kujua, tukigombania uzi wa sabuni, tukikimbizana na kumbikumbi. Tulitoka pale kama watu waliofika harusini wakakuta viti vinapakiwa. Mama Halima alisimama njiani, akanitazama, na kicheko kikamtoka, kile kibaya kinachokaa pamoja na kilio.

"Hata eda Swaibu ametufichia," akasema.

Niliyoyapoteza nayajua. Nimepoteza mwanamume aliyenichekesha kila siku ya zamu yangu na nyingine zisizokuwa zangu. Nimepoteza boma, na kaburi ambalo sijalitembelea mpaka leo. Watu huniuliza kama siyaonei uchungu yale matonge yote tuliyomwekea maiti huku tunakonda. Siyaonei. Tungekuwa hatumtengei, tungekula vyote jioni kwa njaa, na asubuhi tusingekuwa na kitu cha kutuinua. Sahani ile ilitulisha sisi, miezi yote, na ilikuwa ya Swaibu.

Wiki hiyo hiyo tulifunga sufuria tatu na ile ya uji, tukapanda gari la Arua. Shule ikatupokea, na ndipo tulipo hadi sasa, tunapikia mamia ya watoto wa watu na kugombana juu ya chumvi. Chumba tulichopewa Ediofe kilikuwa na kibaraza na jiko moja. Jioni ya kwanza zamu ilikuwa ya Mama Halima. Nilikaa namtazama mkono. Alipakua sahani yangu, akapakua yake. Kisha akakwangua sufuria mpaka chini, akatugawia ukoko, akaipindua sufuria juu ya mawe ikauke.